Kutembezwa mji wa kale wa Malindi na Ami wa Shela: pesa yenu haipotei, ila ombeni kuanza saa moja asubuhi

Mgeni akiniuliza asubuhi yake moja ya Malindi aitumie wapi, simwambii aende ufuoni kwanza. Namwambia amtafute yule mzee wa mtaa wa Shela (Shela yetu ya Malindi, si ile ya Lamu) anayetembeza watu mji wa kale kwa miguu. Hana ofisi wala kibao. Ukifika kwenye mabaraza karibu na Msikiti wa Ijumaa ukauliza, utaonyeshwa. Wakubwa kwa wadogo wanamwita Ami, nami nitamwita hivyo hivyo.

Nilikwenda naye mwezi wa Februari pamoja na wifi yangu aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, watoto wake, na mwanangu wa darasa la sita. Alitutoza shilingi 1,000 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto. Tikiti za makumbusho unajilipia mwenyewe mlangoni, basi beba kitambulisho, kwani bei ya mwenyeji na ya mgeni hazilingani. Matembezi yanachukua kama saa tatu kwa mwendo wa watoto. Mimi ni mzaliwa wa Malindi na nasema bila kusita kwamba pesa ile ni halali yake.

Sababu ya kwanza ni kwamba Ami haanzi na Vasco da Gama. Wengi wanaotembeza watu hapa hukimbilia mnara wake rasini, wageni wakapiga picha na kupunga upepo, kisha hao wakarudi hotelini wakiamini mji huu ulizaliwa siku Mreno alipotia nanga. Ami anaanzia makaburini. Ubavuni mwa msikiti, ukielekea bahari, kuna makaburi yenye minara, mmoja mrefu na mmoja mfupi. Ule mrefu ni wa karne ya 15, nguzo ya mawe na chokaa iliyosimama juu ya kaburi la mtu aliyekuwa na jina kubwa mjini. Minara ya namna hii iko pwani nzima yetu, na Mambrui, ng'ambo ya mto Sabaki, kuna mmoja uliopambwa kwa mabakuli ya kaure ya Kichina.

Hapo Ami hakuhubiri. Aliokota kipande cha jiwe kilichokuwa kimeanguka kando ya njia, akamwekea mwanangu kiganjani, akamwambia akigeuze. Upande wa ndani ulikuwa na vitundu vidogo vidogo vilivyopangana kama sega la nyuki. "Hili lilikuwa hai," akasema. Ndipo akaeleza: matumbawe yakitolewa baharini yakiwa bado mabichi ni laini, fundi anayachonga anavyotaka, yakikauka yanakuwa magumu. Yale ya kuchoma hupangwa juu ya rundo la magogo, moto ukawashwa, ikapatikana chokaa. Ukiongeza boriti za mikoko kwa dari, nyumba nzima imetoka baharini na ufuoni. Watoto waliposikia hivyo walianza kukagua kila ukuta tuliopita, na wakawa wanatuonyesha sisi wakubwa.

Papo hapo akatoa habari ya twiga. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika Uchina na twiga aliyepelekwa zawadi kwa mfalme Yongle, na Wachina walimpokea kwa shangwe kubwa wakimfananisha na mnyama wa heri katika hadithi zao. Hiyo ni zaidi ya miaka 80 kabla ya da Gama. Mtoto mdogo wa wifi akataka kujua twiga alikula nini njiani. Ami hakumpuuza. Alikaa naye ngazini wakahesabu pamoja: majani kiasi gani, maji mapipa mangapi, na miezi mingapi ya kungoja pepo zigeuke. Nimeona walimu wenye vyeti wakilikwepa swali la mtoto la namna hiyo.

Kutoka hapo tukaingia makumbusho, Nyumba ya Nguzo. Ni jumba la mwisho wa karne ya 19 lililokuwa mali ya mfanyabiashara wa Kihindi, na ukisimama mbele yake utaona mara moja jina limetoka wapi. Ndani Ami anakuachia muda wako. Kivutio cha watoto ni silakanthi, samaki ambaye wataalamu waliamini alitoweka duniani pamoja na madinosaria, hadi alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Huyu wetu alinaswa na trola nje ya Malindi mwaka 2001, akapimwa kilo 77. Mapezi yake yana vikonyo vya nyama, ukiyatazama vizuri utadhani alikuwa akijiandaa kuota miguu. Wifi, ambaye kwao Tanga samaki huyu amevuliwa zaidi ya mara moja, alifurahi kumkuta wa kwao hapa. Tulikaa pale kuliko tulivyopanga na Ami hakutuharakisha.

Kanisa dogo la Wareno liko mbele kidogo, upande wa kusini. Ni chumba kimoja tu cha kuta nene, paa la makuti, na makaburi yamelizunguka. Mtu angeweza kulipita asijue amepita nini. Mwaka 1542 Francis Xavier, padri aliyekuja kuwa mtakatifu wa Wakatoliki, alitua Malindi akiwa njiani kwenda Goa, akamzika hapa mmoja wa watu wa chombo chake. Hilo limeandikwa katika kila kijitabu cha watalii. Asilolitaja mtu, na Ami alilitaja, ni mazungumzo ambayo Xavier mwenyewe aliyasimulia katika barua yake ya mwaka huo. Mzee mmoja wa Kiislamu wa hapa alimuuliza kama Wakristo wa kwao wanashika sala zao, kwa sababu Malindi ilikuwa na misikiti 17 na mitatu tu ndiyo iliyokuwa ikijaa watu. Nilisimama nikatafakari. Misikiti 17! Huo ulikuwa mji, si kijiji cha wavuvi. Na yule mzee, karibu miaka 500 iliyopita, alikuwa na huzuni ile ile ambayo imamu wetu huisema kila Ijumaa.

Sasa mnara wenyewe. Kwa anayeujua kwa picha tu: kilichojengwa na Wareno ni nguzo yenye msalaba wa jiwe lililoletwa kutoka Lisbon, na ile koni nyeupe inayoonekana kwa mbali ni ya baadaye, ilijengwa kuishikilia isianguke. Zamani haikuwa hapa rasini. Ilisimama karibu na nyumba ya mfalme wa Malindi, watu hawakuipenda, ikaondolewa, ndipo ikaja kusimamishwa hapa mwambani ambapo bahari inaizunguka pande tatu.

Ami anasimulia safari ile akiwa ameelekea maji, na anatumia mkono wake kuonyesha upepo. Da Gama alifika katikati ya Aprili 1498 baada ya kukorofishana na watu wa Mombasa. Mfalme wa Malindi naye alikuwa hasikizani na Mombasa, basi akaona huyu mgeni mwenye mizinga anaweza kumfaa. Akampa rubani wa kumvusha hadi Uhindi. Vitabu vingi vinasema rubani ni Ahmad ibn Majid, baharia maarufu wa Kiarabu, na hata sisi tulifundishwa hivyo shuleni. Ami anasema wazi kwamba wanahistoria wengi leo hawalikubali hilo, na kwamba waandishi wa Kireno wenyewe walimtaja Mwislamu wa Gujarati. Nilimheshimu kwa kusema hivyo, kwa sababu jina la Ibn Majid linauza zaidi.

Lakini kilichotushika ni hesabu ya pepo. Waliondoka hapa tarehe 24 Aprili, kusi, upepo utokao kusini, ikianza kushika, na tarehe 20 Mei walikuwa Calicut, Uhindi. Siku 26. Wakati wa kurudi hawakungoja kaskazi, upepo utokao kaskazini, ituame, wakaondoka Uhindi mwanzo wa Oktoba na bahari ikawakatalia. Walitumia karibu miezi mitatu, kiseyeye kikawamaliza, meno yakawa yanang'oka, na walipoiona tena Malindi mwezi wa Januari 1499 kitu walichokitaka kuliko vyote ni machungwa. Mfalme akawapa. Wenyeji walijua tangu enzi za mababu ni mwezi gani wa kutweka tanga, na mgeni aliyepuuza alilipa kwa roho za watu wake.

Hapo Ami akamgeukia wifi. "Mwanangu, wewe watoka Tanga? Basi hadithi hii inaishia kwenu." Wifi akadhani anataniwa. Akaelezwa kwamba mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha vyombo vitatu, kwa hivyo baada ya kuipita Mombasa kimoja chao, São Rafael, walikichoma moto kwenye mafungu ya Mtangata. Mtangata ndiyo Tongoni. Wifi amekulia mwendo mfupi kutoka magofu ya Tongoni, amepita pale maisha yake yote akienda shamba la bibi yake, na hakuna aliyewahi kumwambia. Alishika kichwa. Tangu siku hiyo amekuwa akiwapigia ndugu zake simu kuwauliza nani kati yao aliijua habari hii.

Ukiwa bado pale rasini, mwombe Ami akueleze bahari pia, maana analijua hilo kuliko wengi. Kaskazini mwa mji ndiko mto Sabaki unakomwagia. Ni mto mrefu, unaanzia bara upande wa Nairobi ukiitwa Athi, unapita Tsavo ukiitwa Galana, unafika kwetu ukiwa umebeba udongo wa nusu ya nchi. Mvua zikinyesha huko juu, ghuba yetu inageuka rangi ya chai ya maziwa na wageni wanalalamika mahotelini kwamba wamedanganywa na picha. Hawakudanganywa, wamekuja mwezi usio wao. Matumbawe hayapendi tope, ndiyo maana hifadhi ya bahari, iliyotengwa tangu 1968, iko upande wa kusini, kuanzia Casuarina, mbali na mdomo wa mto. Anayetaka kuona samaki wa rangi aende huko maji yakiwa yamekupwa na yametulia, miezi ya kaskazi.

Yako matatu ninayoyalalamikia, na nimemwambia Ami mwenyewe kwa adabu kabla ya kuyaandika.

Kwanza ni saa. Tulianza saa tatu asubuhi, na kufika saa tano tulikuwa mnarani, ambako hakuna kivuli hata cha paka. Februari jua letu si la mchezo. Mtoto mdogo alianza kulia na sehemu ya hadithi ikatupita tukimtafutia maji. Mwombeni aanze saa moja, anakubali. Makumbusho yatakuwa bado hayajafunguliwa, basi mtayaacha ya mwisho, na humo ndani kuna kivuli.

Pili ni duka. Kijana anayemsaidia Ami alitukatiza njia tukaingia duka moja la vinyago na kanga, akatuambia tupumzike, na mwenye duka akaanza kutuandama kwa bei. Kila mtu anajua kijana anapata chake hapo. Sina neno na mtu kutafuta riziki, lakini nimelipa kutembezwa, na nikitaka kanga najua pa kuinunua. Ami aliponiona nimekunja uso alimwita kijana kando. Natumaini wengine hawatapitishwa mle.

Tatu ndilo linaloniuma zaidi. Baada ya Wareno, Ami alikimbia. Alitueleza vizuri kwamba ngome ya Fort Jesus ilipoanza kujengwa mwaka 1593 Wareno walihamia Mombasa na mtawala wa Malindi akahamia nao, mji huu ukadhoofika hadi ukabaki magofu na vichaka. Halafu akasema, "Ukafufuliwa 1861 na Sayyid Majid, sultani wa Unguja," na tukaendelea na safari. Ukafufuliwa na nani hasa? Mashamba ya mtama na ufuta yaliyoifanya Malindi itajirike upya yalilimwa na watumwa, maelfu yao, waliotolewa bara huko kusini. Wako waliotoroka wakaanzisha vijiji vyao porini, kama Fuladoyo. Biashara ya kuwapitisha watumwa baharini ilipigwa marufuku 1873, lakini utumwa wenyewe kisheria haukufutwa pwani ya Kenya hadi 1907. Wajukuu wao ni majirani zangu. Wengine ni jamaa zangu wa ndoa. Mji unaoweza kumtaja rubani mmoja wa 1498 una deni la kuwataja na hawa.

Na Mekatilili wa Menza? Sanamu yake iko hapa hapa mjini, bustanini, na matembezi hayafiki. Huyu mama wa Kigiriama alizunguka vijiji mwaka 1913 akicheza kifudu na kuwalisha watu kiapo wasiwape Waingereza vijana wao wa kazi wala kodi. Walimkamata Oktoba mwaka huo wakampeleka Kisii, upande wa pili wa nchi. Alitoroka, akarudi nyumbani kwa miguu. Mwaka 1914 serikali ililipua Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, kwa baruti na kuwafukuza Wagiriama kutoka kaskazini mwa Sabaki, mto ule ule Ami aliotuonyesha kwa kidole. Nilimuuliza mbona hakulisema akiwa amenyoosha mkono huko. Akanijibu kwamba wageni wengi huuliza habari za Mreno tu. Nikamwambia, Ami, sisi si wageni, na hata mgeni hawezi kuuliza asilolijua. Alinyamaza kidogo, kisha akatusimulia yote tukiwa tumekaa, tangu kiapo hadi safari ya Kisii, na alisimulia vizuri kuliko mnara. Kumbe anayo!

Tulipomaliza tulikula kwenye kibanda cha mama mmoja nyuma ya soko: viazi karai vya ukwaju, mahamri na mbaazi za nazi, madafu ya baridi. Hilo halimo kwenye bei lakini Ami atawapeleka mkitaka, na huko hakuna wa kuwaandama. Barabara za mbele zina pitsa na aiskrimu za Kitaliano, na watoto wetu wa ufuoni wanakisema Kitaliano kama wamezaliwa Milano. Anayeipenda aipate.

Mkiwa na siku ya pili, mpwa wa Ami anatembeza Gede. Si mbali, kama kilomita 16, matatu za kwenda Watamu na Mombasa zinakushusha njia panda. Gede ilitiwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024, na ilistahili zamani. Kuna kaburi lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, kuna msikiti mkuu, jumba la mfalme, visima, na nyumba zilizopewa majina ya vitu vilivyofukuliwa ndani yake, kama Nyumba ya Mkasi. Wareno waliishi Malindi miaka mingi na hawakuandika neno moja juu ya mji huo mkubwa ulio karibu nao hivyo. Mpwa ni kijana msikivu, anajua miti pia, ila sauti yake ni ndogo, kaeni karibu naye. Kima wa pale ni wezi wa ndizi. Kabla ya kutoka pitieni mradi wa Kipepeo, ambapo wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke walianza mwaka 1993 kufuga vipepeo na kuwauza nje wakiwa bado ndani ya vifukofuko. Watoto hawatataka kuondoka.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia mpaka Mekatilili na waliolima mashamba ya Majid waingie kwenye matembezi bila mtu kuomba. Ami aliniahidi ataanza kuwapitisha watu bustanini baada ya kanisa. Kwa sasa mwambieni mapema, kabla hamjapatana bei: saa moja asubuhi, duka hatuingii, na kwa Mekatilili tunafika. Vaeni viatu vya kufunga kwa ajili ya mwamba wa rasini, akina mama mbebe mtandio kwa upande wa msikiti, na lipeni taslimu au kwa M-Pesa kwa Ami mwenyewe, si kwa kijana.